Hasira Yangu Iliondoka Jumanne

Jumatano. Kitale, mawingu mazito, mvua bado inafikiria.

Nimepoteza hasira yangu. Iliondoka Jumanne ya wiki jana, saa nne na dakika kumi asubuhi, nikiongea na kakangu Wafula kwa simu. Saa naijua kwa sababu simu huandika.

Alikuwa ananiambia kwamba ile nusu ekari ya Kabuchai, aliyonipa marehemu mama kwa mdomo wake mwenyewe, yeye na ndugu zetu wengine wameamua kuipanda miwa. "Wewe uko na maisha yako Kitale, dada. Utaifanyia nini?" Miaka saba nimekuwa nikilijibu swali hilo kwa sauti ya kusikika hadi Malakisi. Safari hii nilisema sawa.

Sawa.

Wafula mwenyewe alishtuka. "Ati sawa? Unameza dawa gani siku hizi? Tukununulie katoni bana." Nikacheka. Tena nilicheka kweli, si kicheko cha uchungu.

Dawa nameza. Moyo ulikuwa unanipiga kama mashine ya kupukuchua mahindi, silali, mikono inatetemeka mpaka nashindwa kushona gunia. Daktari akanipa karatasi ya maswali saba, kila moja alama sifuri hadi tatu. Nilipata kumi na saba kwa ishirini na moja. Baada ya wiki sita za vidonge na mazungumzo na mshauri, nikapata nne. Daktari alifurahi kama mwalimu ambaye mtoto wake amepita.

Nami sikatai. Nalala. Hesabu ya kichwa, ambayo ndiyo imenilisha tangu nianze na debe moja la mahindi kando ya barabara, sasa inaenda kasi kuliko nilipokuwa na miaka ishirini. Na hapo ndipo ninapokwama: nilienda kutibiwa, naona kama nimeongezwa. Mtu akipita pale alipokuwa kabla hajaugua, hiyo bado ni tiba ama ni kitu kingine?

Nilimuuliza Nekesa, binti yangu, aliye nyumbani kwa likizo. Anasomea falsafa, na nakiri kwamba miaka miwili nimekuwa nikiwaambia watu anasomea ualimu. Aliichukua ile karatasi akaisoma mara mbili.

"Mama, hapa wanauliza kama unakasirika upesi. Hakuna mahali wanauliza nani amekukasirisha."

"Hiyo si kazi ya daktari. Ni ya chifu."

"Si ndiyo nauliza. Hasira ilikuwa inakuumiza, ama ilikuwa inakuambia kitu?"

Nilimwambia aende akaoshe vyombo. Akaenda. Swali likabaki.

Niwe mkweli. Hasira hiyo haikunipa hata hatua moja ya shamba. Miaka saba, vikao vinne vya familia, sifuri. Kila mara nilianza kwa kupiga kelele, ndugu zangu wakatazamana, wakasema "mnamwona", kikao kikaisha. Jana, kwa utulivu huu wa vidonge, nimeandika kwa mara ya kwanza majina ya majirani waliomsikia mama akinipa: watatu, na wote wako hai. Miaka saba sikuwahi kuketi nikawahesabu, mimi ninayehesabu kila kitu.

Lakini nikiitazama orodha hiyo, sisikii chochote. Kama nimepata akili ya kushinda na nikapoteza hamu ya kushinda, nimepata faida gani?

Leo asubuhi mkulima wa Endebess ameniletea magunia arobaini ya mahindi nimkaushie. Kabla sijawasha mashine yangu ya kukaushia nilimuuliza ninachomuuliza kila mtu: ya kusaga ama ya mbegu? Kwa sababu moto unaokausha mahindi ya unga vizuri kabisa, huo huo huua mbegu. Ukiyapima, kipimo cha unyevu kinasoma asilimia kumi na tatu, yamekauka, yanapendeza machoni. Ukiyapanda, hayaoti.

Nikasimama pale na kidole kwenye swichi.

Mimi hakuna aliyeniuliza.

Vidonge sitavitupa. Nimeonywa nisikatize ghafla, na kurudi kumi na saba sitaki. Nataka kujua tu. Kikao cha tano ni Jumamosi saa nne, Kabuchai. Niende na majina yangu matatu na moyo uliopoa, ama nirudishiwe moto kidogo kwanza? Hata haya nayaandika kwa upole, na upole wenyewe ndio siuamini.

Daktari, uliniambia huwa unasoma hapa kwenye blogu yangu. Ijumaa asubuhi nitakuwa kwenye benchi lako. Usinipe ile karatasi tena. Alama zangu nazijua. Niambie kitu kimoja: ile "sawa" niliyomwambia Wafula, ilikuwa ya mtu aliyepona ama ya mtu aliyekaushwa? Neno moja linatosha. Nalitaka kabla ya saa sita mchana, kwa sababu saa saba naondoka kwenda Bungoma, kwenye kikao.