Uliyemwandika Ni Mimi

Mwera, Pangani
4 Machi 2023

Mwanangu Leticia,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti. Ninyi wa Tanga mjini sijui, maana mwaka wa sita huu hujakanyaga hapa.

Kristina, binti wa mwinjilisti, amenisomea riwaya yako yote, na barua hii ananiandikia yeye. Yule Bi Sijaona anayewamwagia watoto maji machafu ni mimi. Hata doa la shingoni umelitia. Umeandika kwamba alizaliwa na roho mbaya. Nani alikwambia?

Mama yako mdogo,
Ruthi

Tanga
30 Machi 2023

Shikamoo mama mdogo,

Natumaini magoti yamepata nafuu. Sisi hatujambo.

Riwaya ni ya kubuni, nimechanganya watu wengi. Lakini nisikudanganye: maji yale ulinimwagia mimi, nina miaka minane, nimevaa gauni la Krismasi. Nilikuwa napita tu. Mpaka leo sijui nilikukosea nini. Niambie, nitaandika upya.

Mwanao,
Leticia

Mwera
11 Aprili 2023

Mwanangu,

Barua nimeipata. Hali yangu ni ileile.

Hukunikosea. Mwaka ule nilitoka hospitali, kifua kikuu kimekwisha. Cheti cha daktari kwamba nimepona mama yako alikisoma kwa sauti mbele ya wote, kisha sahani yangu ikaendelea kuwekwa peke yake dirishani. Mume wangu akahamia Moa kwa mke mwingine. Kanisani benchi zima lilikuwa langu.

Nikiwaita watoto niwape fenesi, walikimbia kama walivyofundishwa. Siku moja nikamtukana mmoja. Akasimama, akanijibu. Wiki ile nzima ni yeye peke yake aliyesema nami. Ndipo nikajua njia. Nikimwaga maji, dada yangu alikuja mwenyewe hadi uani kugomba, nami nikauona uso wake.

Miaka ikapita, ukali ukawa wangu kweli. Nikawachukia, nawe nikakuchukia. Hilo nalo liandike.

Mama yako mdogo,
Ruthi

Tanga
19 Novemba 2023

Shikamoo mama mdogo,

U hali gani? Unisamehe kwa kukawia. Kitabu kimechapishwa upya, na uliyonieleza yamo, sura nzima. Wasomaji wanalia. Mwalimu mmoja ameniambia hajapata kumhurumia mtu mbaya kiasi hicho. Mama kaisoma, kafunga kitabu.

Kazi zikipungua nitakuletea nakala.

Mwanao,
Leticia

Mwera
2 Desemba 2023

Leticia,

Mimi mzima.

Kristina amenisomea. Umeiandika vizuri, hakuna nilichokwambia kilichoachwa. Miezi saba umekaa na habari zangu, ukazipeleka kwa wageni kwanza. Basi wanihurumie wao. Usijisumbue kuja.

Ruthi

Mwera, barazani kwako
9 Desemba 2023

Shikamoo mama mdogo,

Barua hii naipitisha chini ya mlango.

Nimefika saa tatu asubuhi. Nimebisha hodi, redio ikazimwa. Jirani yako Sadalla kaniambia hujatoka tangu jana. Nimekaa hapa mpaka saa tisa. Nimekuomba radhi kwa sauti, watu wakipita wananitazama. Nimekuambia sikuja kwa ajili ya kitabu, nimekuja kwako.

Ukanijibu mara moja tu: "Mwenyewe hayupo."

Sauti ilikuwa yako. Basi la mwisho linapiga honi, naondoka.

Mwanao,
Leticia