Hakuna Mtoto Mwekundu

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Dionis, mtendaji wa kijiji, kaja dukani kwangu kutoa kopi za matangazo. Jumamosi ni Siku ya Afya na Lishe. Mgeni rasmi anatoka wilayani. Kwa hiyo risala itakuwepo, na risala huandikwa na mimi, kwa kuwa nilifundisha Kiswahili miaka kumi na minne na kompyuta inayofanya kazi ni yangu tu, kutoka hapa mpaka Kiranjeranje.

Nazijua risala. Kwanza mgeni anashukuriwa kwa kuacha majukumu yake mengi — kana kwamba sisi si majukumu yake. Halafu mafanikio. Halafu changamoto tatu, zisizouma. Nchi nzima inamsomea mkubwa barua ya kumbembeleza na kuiita taarifa. Nimeshaandika kumi na moja. Zinanitia kichefuchefu, na bado naandika.

"Ukikasirika ndio unaandika vizuri, Mwalimu," Dionis kasema. Umri miaka thelathini, tayari ana kitambi cha vikao.

Jumanne, 3 Septemba

Nilikuwa kwa jirani yangu Bi Mwahija alipofika Hafsa, mhudumu wa afya, anayepima watoto nyumba kwa nyumba kabla ya siku yenyewe. Anazungusha utepe kwenye mkono wa mtoto. Ukisoma kijani, mzima. Njano, aangaliwe. Nyekundu, hospitali.

Mjukuu wa Bi Mwahija anaitwa Twalib. Mwaka mmoja na miezi minne. Mama yake yuko Songo Songo, anapikia wavuvi.

Nyekundu. Hafsa kapima tena. Nyekundu. Kambonyeza mguu uliovimba kwa kidole — shimo likabaki.

"Ana mchango wa tumbo tu huyu," Bi Mwahija alisema. "Kwangu chakula kipo."

"Bibi, sijasema hakipo. Nasema alazwe. Wiki hii, bibi, si ijayo."

Mwezi wa saba malori yalitoka hapa yamejaa ufuta mpaka juu. Mtoto akabaki na uji wa muhogo, mweupe kama chokaa. Hilo sijui nitaliweka kwenye mafanikio au kwenye changamoto.

Jumatano, 4 Septemba

Dionis kaleta takwimu za kuchapa. Kijani 190. Njano 22. Nyekundu, sifuri.

"Twalib yuko wapi hapa?"

"Kwenye njano, Mwalimu."

"Nani kamhamisha?"

"Utepe ule wa zamani. Umelegea."

Nikamuuliza kama na mguu wa mtoto umelegea. Ndipo akasema ukweli, kwa hasira. Rangi za watoto ndizo rangi za kijiji kwenye kadi ya wilaya inayopima vijiji. Robo ya mwaka iliyopita tulikuwa na wekundu wawili, akasimamishwa kikaoni kama mwanafunzi mchelewaji. Safari hii kaamua kuwatibu kwa kalamu.

Utepe uliletwa ili mtoto aonekane. Sisi tumepata njia ya kuutumia asionekane. Nikamwambia naandika gazetini.

Jioni kaja Hafsa, hakukubali hata kiti. "Mwalimu, nakuomba usiandike. Aliyepima ni mmoja. Watajua ni mimi."

Nilimchukia kwa dakika nzima. Kisha nikajichukia mwenyewe. Katika kijiji hiki ni yeye peke yake aliyesoma rangi ilivyo.

Alhamisi, 5 Septemba

Nyumba ya Bi Mwahija imefungwa. Kaenda shamba, wanasema. Shamba lipi? Kila mtu anatazama pembeni. Mke wa jirani yetu Leonadi ndiye kaniambia hatimaye: jana Dionis alipita pale, kamwambia bibi kwamba mwenye mtoto mwekundu ataitwa mbele ya mgeni na kutajwa jina. Bibi kambeba mtoto, wakaondoka.

Hivi ndivyo tunavyoboresha afya. Tunamfukuza mgonjwa.

Ijumaa, 6 Septemba

Nilikwenda ofisini kumtukana Dionis. Nimerudi na makubaliano.

Anajua bibi aliko. Kesho atamleta mwenyewe kwa pikipiki. Gari la mgeni likirudi litampeleka mtoto hospitali, na barua ya rufaa itasema ana homa. Nami niisome risala kwa mdomo wangu, na ile sifuri ndani yake.

"Na nikikataa?"

"Basi Bi Mwahija atarudi akimaliza kufyeka chini ya mikorosho." Hakunitazama. "Usinione hivyo, Mwalimu. Sitaki afe. Sitaki tu afie kwenye karatasi zangu."

Nimechapa. Sifuri ni kugusa kidole mara moja, kama namba nyingine yoyote.

Jumamosi, 7 Septemba, saa tano asubuhi

Naandika nyuma ya risala, chini ya turubai, kiti cha tatu kutoka kwa mgeni. Kina mama wanaonyesha uji wa lishe — ufuta, samaki, yai, vitu vyote vya hapa hapa. Mgeni kaomba mtoto wa kulisha, apigwe picha. Wamemchagua mnene, wa dada yake Dionis. Picha imerudiwa mara tatu.

Pikipiki imefika. Bi Mwahija kashuka, Twalib kafunikwa kanga nzima. Halii. Hafsa kafunua kanga kidogo, kaifunika upesi, kaenda mbio kwa dereva wa mgeni. Kisha kaja kuinama sikioni kwangu.

"Hawezi kusubiri, Mwalimu. Dereva anasema haondoki mpaka mkubwa ale."

"Na mkubwa anakula saa ngapi?"

"Baada ya risala."

Risala ina kurasa nne. Nimeanza kuzikata. Shukrani kwa mgeni, nje. Historia ya kijiji, nje. Ushirikiano mwema wa viongozi wetu, nje, nje. Changamoto — vyoo vya shule, maji ya zahanati, barabara — nilizozipigania wiki nzima ziingie, zote nje. Dionis ananitazama kutoka kule kwenye gari, kasimama mlangoni kama mlinzi. Bi Mwahija kakaa chini, kaegemea tairi.

Mshereheshaji anataja jina langu. Watu wanapiga makofi.

Nimebaki na nusu ukurasa. Salamu, ile sentensi ya sifuri, na sahihi yangu. Dakika moja itatosha, nikisoma haraka.