Muda Usioshuka Sawasawa

3 Machi

Shikamoo Baba,

Natumai u mzima na goti limetulia. Mimi sijambo. Programu uliyonitumia naifuata: wiki nne za msingi, nne za kasi, mbili za kupumzisha miguu, halafu mashindano. Kilomita tano nimekimbia kwa dakika 22:40 wiki ya kwanza, 22:20 ya pili, 22:00 ya tatu.

Darasani nafundisha jinsi wanahistoria wanavyokata karne vipande na kuvipa majina. Mwanafunzi kauliza, "Mwalimu, waliokuwepo walijua kipindi kimekwisha?" Wenzake wakacheka. Nikafuta ubao.

Mwanao

20 Machi

Marahaba, mwanangu,

Goti linanung'unika kama mpangaji, lakini linatembea.

Nimekuwa kocha miaka thelathini. Mwili haupunguzi sekunde ishirini kila wiki kama unashuka ngazi. Unakwama, unarudi nyuma, unatapika. Kila akimbiaye ana wiki mbaya. Wewe huna hata moja. Nadhani hujavaa viatu tangu tumzike mama yako.

Sikugombezi. Niandikie wiki ilivyokuwa.

Baba yako

2 Mei

Shikamoo Baba,

Hujambo? Samahani kwa kimya. Mashindano yamepita Jumamosi. Nilisikia vifijo dirishani, nikaendelea kusahihisha mitihani.

Jumatatu, hakuna. Jumanne, hakuna. Jumatano nilivaa viatu, nikakaa kitandani mpaka chai ikapoa. Baada ya hapo, hakuna.

Siumii, Baba. Silii. Niambie tu hiki ni kipindi gani, na huchukua wiki ngapi.

Mwanao

14 Mei

Marahaba, mwanangu,

Mimi mzima, ndivyo nijibuvyo watu.

Unajua daftari langu: kipindi kikiisha, mstari mwekundu. Mama yako ndiye aliyenishikia rula. "Kocha, mkono wako hata kwenye mstari unakimbia!" Tangu tumzike Januari sijapiga mstari. Wanariadha niliwaambia tuko mapumzikoni. Hii ni wiki ya kumi na saba. Wanajua si kweli.

Jina la kipindi silijui. Jumatano yako nimeiandika daftarini: viatu. Leo nami nimefika uwanjani, nikakaa jukwaani, nikarudi.

Niletee wiki nyingine.

Baba yako

25 Mei

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Wiki ni hii.

Jumatatu, hakuna. Jumanne, viatu, mpaka mlangoni. Jumatano, hakuna. Alhamisi, kwa miguu mpaka kwa fundi viatu wa kona: dakika tisa. Ijumaa, hakuna. Jumamosi, pale pale kwa fundi: dakika kumi na moja.

Mwanao