Mto Ndani ya Bakuli la Padri

Jumanne, 12 Julai 2016

Risasi zimenyamaza tangu jana jioni. Bado tuko uwanja wa kanisa, Kator, hapa Juba. Watu kama siafu—na mimi na wasichana wangu wanane wa Sinia Foo, kidato cha mwisho, chini ya turubai moja.

Mkuu wetu wa shule, Cirillo, alipita asubuhi. Fomu za mtihani mwisho Jumamosi. Darasa likimaliza silabasi na mwalimu wake akiwepo kuweka sahihi, linasajiliwa. Mwalimu akikimbia kabla ya mtihani, linafutwa. Santina ameshafutwa mara mbili, na mara zote mbili ni mwalimu aliyekimbia. Ana miaka ishirini na mbili!

Imebaki mada moja: estuari, pale mto unapoingia baharini. Mimi mwenyewe bahari nimeiona kwenye kalenda.

Kaka yangu Pitia kapiga simu kutoka Adjumani, ng'ambo ya mpaka. Anakuja Jumamosi kunichukua. Nikamwambia siendi. Akacheka. Acheke mpaka achoke.

Jumatano, 13 Julai

Nimefundisha kwa mkaa juu ya mlango uliovunjika. Zamani barafu ya dunia iliyeyuka, bahari ikapanda, ikaingia kwenye bonde la mto na kulizamisha. Hiyo ndiyo estuari. Bahari inapanda mtoni, inashuka, inapanda tena, kila siku. Maji si matamu, si ya chumvi. Tope kila mahali, na samaki wachanga wanakulia humohumo.

Wananitazama tu. Wawili wana msiba, nitawalaumu vipi? Santina akasema, Madam, hatuuoni huo mto. Basi watauona!

Alhamisi, 14 Julai

Nimezunguka uwanja mzima kuomba chumvi. Mama Tisa, anayepika jirani yetu, alinifokea: "Ya binti! Watu iko nakula mboga bila chumvi, wewe nataka ya kuchezea?" Aibu ilinishika, lakini miguu nayo ilikataa kuondoka. Mwisho akanipa chumvi ya majivu, ile ya kulainishia bamia. Chumvi ni chumvi, nikajisemea. Mwalimu mzima!

Bakuli la kioo nimeazima kwa padri. Chini nikaweka maji ya majivu, ndiyo bahari—mazito, yanakaa chini. Juu, kijiko kwa kijiko, karkade nyekundu, chai ya maua, ndiyo mto. Ilipogusa ya chini—kijani! Wasichana wakapiga kelele, na mimi nikaduwaa. Kumbe majivu yanageuza rangi ya karkade. Chumvi ya bahari haifanyi hivyo. Nilikosea, na nikawaambia nimekosea.

Lakini wameona! Juu nyekundu, chini kijani, na katikati rangi ambayo hakuna aliyeweza kuitaja. Santina aliinamisha bakuli, ile ya katikati ikapanda na kushuka. "Hapa ndiyo yenyewe," akasema. Ndiyo yenyewe kabisa. Nilifurahi mpaka machozi. Mama Tisa alikuja kuchungulia, akasema tumeharibu chai nzuri.

Ijumaa, 15 Julai

Jaribio. Wote wanane wamepita. Wote!

Pitia katuma ujumbe: msafara wa Nimule, kule mpakani, unaondoka kesho saa sita.

Jumamosi, 16 Julai

Saa tano na nusu. Pitia amefika, macho mekundu, vumbi la njia nzima usoni. Akasimama katikati ya darasa langu. "Keji, wewe iko na wazimu? Hapa Juba bahari iko wapi?"

Santina akanitangulia kujibu: "Hii maji umevuka kwa daraja sasa hivi, kaka, yeye iko naenda huko."

Pitia akanigeukia mimi, sauti chini: mama halali kwa ajili yangu, hali chakula, anakaa barabarani kutazama magari. Hiyo iliniuma. Inaniuma hata sasa. Akachukua begi langu, nguo zote nilizonazo, akalitia garini.

Nimebaki nimekaa. Cirillo kaleta fomu, anataka sahihi mbele ya kila jina. Naandika mstari hapa kwanza. Kisha naweka sahihi. Kisha naandika tena. Majina matatu tayari.

Honi. Honi tena, ndefu.

Sasa imenyamaza. Sijui amezima injini au ameondoka na begi langu. Siinui kichwa. Jina la nne—Santina.