Gaidi wa Viatu vya Wageni

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa mkono wa wakili, maana posta siendi tena. Mgongo unaendeleaje? Wamekupa hata blanketi? Mimi ni mzima wa kutembea tu. Mguu unakanyaga cherehani, akili haipo.

Utashangaa sikuanza na "Kwako Gaidi wangu" kama miaka yote. Soma polepole.

Wiki moja baada ya kumzika shemeji yako, redio waliniita kwenye mjadala wa ule muswada wa ugaidi. Alikuwepo mbunge, na mwanasheria aliyesema siku tisini mahabusu bila mashtaka ni nyingi mno. Nilimchukia. Mkononi nilivaa ile mipira ya kufungia barua ambayo shemeji yako alikuwa akirudi nayo kutoka kaunta ya vifurushi, ile waliyonirudishia ndani ya bahasha baada ya mlipuko. Nikasema asiye na hatia ana hofu gani, akae ndani, akitoka atatoka safi. Mbunge akanipigia makofi.

Mtangazaji akaniuliza kwa upole nani ananifariji. Nikajibu kama ninavyowajibu majirani: mdogo wangu Gaidi, anafika kesho kwa basi la asubuhi. Mtangazaji akacheka. Mbunge hakucheka.

Ndivyo polisi walivyojua wakungojee stendi, na basi lipi. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza chako.

Baadaye walikuja wakabeba kopo zima la barua zako, zote umetia sahihi jina hilo. Nikawaeleza kwamba ukiwa na miaka mitano uliteka viatu vya wageni, ukajifungia navyo chini ya kitanda, hukuviachia mpaka ulipopewa biskuti, ndipo mama akasema huyu si mtoto, ni gaidi. Mpelelezi akaandika: alianza utotoni.

Alhamisi wanapiga kura. Muswada ukipita, wakili anasema siku zako kumi na nne zitageuzwa tisini. Nilirudi redioni kufuta kauli. Wakasema, mama, kipindi kimeshapita. Lakini kila taarifa ya habari naisikia: hata mjane amesema.

Hayo ungeyasikia kwa wengine. Hili nalijua mimi. Mpelelezi aliniuliza kama una mkono katika kile kifurushi kilicholipuka kaunta. Nilisema hapana, ila si papo hapo. Nilikumbuka ulivyogombana na shemeji yako mara ya mwisho, nikanyamaza, muda wa kumeza mate tu. Akaniangalia, akaandika. Mimi niliyekubeba mgongoni, nilikupima.

Jirani wa ukutani anakusalimu sana. Barua hii nimeifunga kwa mpira mmoja wa shemeji yako, wakikuruhusu, uvae. Viatu vyako walivyokuvua mapokezi wamenipa. Nimeviweka chini ya kitanda, na safari hii mlinzi ni mimi.

Ni mimi dada yako, kama bado utaniita hivyo.