Kinyozi Aliyetoka Jela na Shingo ya Kaka Yake

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na ukitaka kunicheka nicheke, ila unijibu kabla ya Jumamosi.

Mimi ni mzee mstaafu, mfasiri wa vitabu, nimeishi ugenini zaidi ya nusu ya umri wangu, na ndugu niliyebaki naye huku ni mdogo wangu wa kiume tu, ndiye pekee ninayeweza kubishana naye kama mlango wa jikoni kwa mama ulifungukia uani au barazani, na huyo mdogo wangu alifungwa kwa kuvunja maghala na kubeba friji za watu, akatoka mwaka huu akiwa kinyozi, maana huko ndani walimfundisha, na tangu atoke analala kwenye chumba changu cha vitabu na hajagusa hata sukari. Mwezi uliopita mke wangu alitupeleka sote kutazama filamu ya gerezani, jambazi sugu anafundishwa kunyoa, mwishoni mkuu wa gereza anaketi mbele yake, anainua kidevu, anamwachia shingo na wembe, na mimi nililia, mshauri, nililia mpaka mama mmoja wa kiti cha mbele akageuka kunipa leso, huku mdogo wangu anatafuna bisi na kuuliza, "Kaka, gereza gani hilo lina mwanga mzuri hivyo?" Njia nzima nikahubiri kwamba binadamu hubadilika, apewe nafasi, nikataja na vitabu, naye akaniambia, "Haya kaka, kesho nikutoe hizo ndevu," na mimi nikasema nina mafua.

Mafua hayo hayajaisha mpaka leo. Juzi nikapanda basi hadi mtaa wa mbali, nikanyolewa nywele na mtu nisiyemjua, nikarudi na kofia, lakini mezani mke wangu akasema, "Kofia ya nini, mvua inanyesha humu ndani?" akaivua, na mdogo wangu akanizunguka, akanitazama kisogo, nywele zilizokatwa bila usawa, akasema taratibu, "Aliyekunyoa amekuachia ngazi, kaka," kisha akaenda kulala bila kumaliza chakula. Jumamosi anafungua kibanda chake cha kunyolea mtaani kwetu, majirani wameshaona kichwa changu, wanasema ikiwa kaka yake mwenyewe anamkimbia, wao ni nani, naye ameanza kuulizia nauli ya mji mwingine. Akiondoka, nani mwingine huku aliyemjua mama yangu? Nifanyeje?

Mzee wa Ngazi

Jibu:

Mzee wangu, pole, ila pole nusu. Nimecheka kama ulivyoniruhusu, sasa acha nikuseme.

Mdogo wako aliiba friji. Koo la mfasiri mstaafu atalipeleka soko gani? Mtu huyo analala nyumbani kwako, jikoni mna visu, na wewe usiku unakoroma. Basi huogopi wembe. Unaona aibu kuonekana umeinamisha kichwa chini ya mikono ya mtu aliyetoka jela. Na wewe ni mgeni wa miaka mingi huko, bila shaka hujasahau wenye maduka walivyokuwa wakikufuata kwa macho katikati ya rafu. Wa kwenye filamu ulimlilia kwa sababu taa zikiwaka yeye haji nyumbani kwako.

Jumamosi uwe mteja wa kwanza. Usimwombe msamaha mbele ya watu, utamharibia ufunguzi, na hotuba zako ziache kabatini pamoja na vitabu. Chukua kiti kinachotazama barabara, mlango ukiwa wazi, umwambie aondoe ngazi, kisha ndevu, kwa wembe, si kwa mashine. Ukitetemeka, tetemeka, vinyozi wamezoea. Lipa bei iliyobandikwa ukutani, usizidishe, hukwenda kutoa sadaka.

Jioni, mkiwa wawili, mwambie, "Niliona aibu, mdogo wangu." Usimwambie uliogopa, huo ni uongo wa kujipendezesha. Akikasirika, kaa hapo hapo mpaka amalize.

Lakini hiyo Jumamosi, kabla hujanyanyuka kwenye kiti chake cha kunyolea, jitazame vizuri kwenye kioo. Akiwa amekosea sharubu, mlalamikie kwa sauti, kama mteja mwingine yeyote. Hapo ndipo atakapojua kwamba ametoka jela.