Habari Njema Niliyoitoa kwa Mdomo Wangu

Minto, Sydney

Dada yangu Mghoi,

Nakusalimu kwa mikono baridi, maana huku ni wakati wa kipupwe na hita yetu inatoa kelele kuliko joto. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku miili ni mizima. Roho yangu ndiyo haijatulia, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kukutumia sauti kwenye simu. Kwa sauti ningelia, ukashtuka bure.

Unamkumbuka jirani yangu Shirin, yule binti wa Kibengali niliyekwambia anapika samaki hadi nyumba nzima inanukia? Aliolewa alipomaliza shule tu. Kwao msichana akishamaliza shule posa zinaanza kuletwa, na baba akizikataa watu wanauliza binti ana kasoro gani. Akaletwa huku kwa mumewe, Rafiq, anayefanya kazi ghalani. Rafiq si mtu mbaya. Walikubaliana wenyewe kwamba mtoto asubiri Shirin amalize kozi ya kutunza wazee, na Shirin akawa anameza vidonge. Siri hiyo nilikuwa naijua mimi tu.

Mama mkwe yuko Bangladesh, lakini kwa simu ni kama yuko jikoni. Kila siku anapiga, na kila siku anauliza, “Khobor?” Maana yake habari! Neno letu kabisa, lile la Kiarabu, kule limebadilika kidogo tu. Mara ya kwanza kulisikia nilifurahi kama niliyekutana na mtu wa Voi. Shirin akanifundisha kwamba habari nzuri ni bhalo khobor. Asilonieleza ni kwamba bibi harusi akiulizwa khobor, inayosubiriwa ni habari moja tu.

Basi wiki iliyopita nilitoka kazini nikapita kwake kumrudishia sufuria. Nilikuwa bado nimevaa yale mavazi ya buluu ya kituo cha wazee, na saa yangu kifuani. Shirin alikuwa anaongea na mama mkwe, picha zinaonekana. Mama akaniona nyuma yake, akatabasamu, akauliza, “Khobor?” Nawe unatujua, dada. Mtu akituuliza habari, jibu linatoka kabla hatujawaza. Nikasema kwa sauti ya kwaya, “Bhalo khobor! Bhalo khobor!”

Yule mama akapiga yowe. Akalia, akaita watu, skrini ikajaa shangazi. Nami mjinga nikadhani wanakifurahia Kibengali changu, nikawapungia mkono.

Simu ilipokatika Shirin alikuwa amekauka. “Umemwambia nina mimba,” akasema. “Na umevaa nguo za nesi.”

Tulijaribu kupiga tena, simu haikushikika. Ilipokuja kushikika, mama alikuwa ameshagawa vitamu vya maziwa mtaa mzima. Kesho yake wanawake wa Kibengali wa hapa Minto walimkumbatia Shirin dukani, mmoja akamnyang’anya mfuko wa mchele asibebe kitu kizito. Nikamwambia Rafiq, nipe simu niseme kosa ni langu. Akakataa.

“Mama ameshatangaza,” akaniambia. “Nikisema haikuwa kweli, watasema mke wangu ameitoa. Hilo halitamtoka maisha yake yote.”

Nimemkasirikia yule mama, kisha nikashindwa. Shirin aliniambia kwamba mama mkwe mwenyewe aliozwa akiwa mdogo kuliko yeye, akawa anaitwa “bibi harusi” tu, kila mtu anamtuma. Alipomzaa Rafiq ndipo akaitwa Mama Rafiq na kupewa funguo za stoo. Kwake anamtakia Shirin mema. Nami nikajiuliza, hivi kwetu ni nani bado anakuita Mghoi isipokuwa mimi? Kwa wote wewe ni Mama Mwakio. Sikuwahi hata kuliwazia jambo hilo.

Jana nilienda nimeshakata shauri, Rafiq atake asitake. Nikamkuta Shirin anatandika kitanda cha mgeni. Mama mkwe amekata tiketi, anakuja kumlea.

“Usimpigie,” akasema. “Vidonge nimevitupa. Labda atakapofika itakuwa kweli.”

“Na kozi yako?”

“Kuzaa ni rahisi kuliko kumwambia.”

Kisha akaniuliza, kwa vile mimi ni mtu wa kazi za wagonjwa, mimba inaweza kuingia upesi namna gani. Alikuwa anapiga mto huku akiuliza. Naogopa kusema na naogopa kunyamaza, na usingizi umenihama. Wewe umelea, una mkaza mwana: niambie nifanye nini, na uniambie upesi.

Nisalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji na kikohozi chake, na mjomba anayetuchungia mbuzi. Msalimie na binti yako Wakesho, anayemaliza shule mwaka huu. Watu wakija kumuulizia, dada, tafadhali, waambie hayupo.

Mdogo wako akupendaye,
Mkawasi